Mkwezi Yuaja, Jisitirini

Kadenge hakuweza kukwea kimya, na jambo hilo liliwapotezea asubuhi nzima.

Jalila alikuwa amesimama chini ya mnazi ulioota kando ya nyumba ya nyanyake, kamera aliyoiazima chuoni ikiwa mikononi, akingoja mwizi wake apande. Mwizi mwenyewe alikuwa Kadenge, mkwezi wa minazi, mtu mfupi wa makamo ambaye Mtongwe nzima ilimjua kwa kamba yake begani na panga lake kiunoni. Siku hiyo panga aliliacha chini. Alivaa fulana nyeusi aliyopewa kwa ajili ya filamu, akatia miguu katika kitanzi cha kamba, akaukumbatia mnazi, akavuta pumzi. Kisha akainua uso na kupiga ukelele uliofika ufuoni.

"Mkwezi yuajaaa! Jisitirini!"

Jalila aliishusha kamera.

"Ami Kadenge," alisema kwa ile sauti yake ndogo ambayo watu humwomba airudie, "wewe ni mwizi."

"Naam, mwanangu. Najua."

"Mwizi hapigi ukelele."

"Kweli kabisa. Niwie radhi. Tuanze tena."

Wakaanza tena. Akatia miguu kitanzini, akaukumbatia mnazi, akavuta pumzi, akapiga ukelele.

Hakuwa mkaidi. Nyumba nyingi za zamani pale Mtongwe zina bafu la uani, kuta nne na mbingu juu, na mtu aliye kileleni mwa mnazi huona kila kilichomo. Kwa hiyo mkwezi huita kabla hajainua mguu. Huita, akangoja, wanawake wakajitupia leso, watoto wakatolewa chini ya nazi, ndipo akwee. Kadenge alifundishwa hivyo na babake, na babake alifundishwa na wake. Mkwezi asiyeita hapewi mnazi.

"Mdomo na miguu yangu vimefungwa kamba moja," alimweleza Jalila huku akijifuta jasho kwa ile fulana ya wizi. "Ukivuta huku, na kule kwaja."

Bi Barke, nyanyake Jalila, alikuwa ameketi barazani akichambua mchicha. "Mwacheni mwana wa watu aite," alisema. "Mwizi mwenye adabu, mwamuona wapi siku hizi?"

Kila mtu alicheka, hata Jalila. Mwishowe alimwambia Kadenge aite atakavyo, sauti yenyewe ataiondoa kwenye kompyuta. Kadenge alishangaa kusikia kwamba sauti ya mtu yaweza kuondolewa na mwili wake ukabaki ukiendelea kukwea. Lakini alikwea.

Filamu ilikuwa fupi. Mtu mmoja anakwea mnazi, anaruka kutoka mnazini hadi roshani ya nyumba ya ghorofa, anaiba bangili za dhahabu, anafukuzwa vichochoroni, anakamatwa. Jalila alitaka kule kukwea kuonekane mara mbili. Mara ya kwanza alimfuata Kadenge kwa kamera ya mkononi, karibu na shingo, yeye mwenyewe akiwa amepanda ngazi ya mafundi huku Bi Barke akisoma dua chini. Picha ilitikisika. Jasho lilionekana likitiririka nyuma ya sikio. Magome ya mnazi yalipita mbele ya lenzi kama yatakukwaruza uso.

Mara ya pili ilikuwa mwishoni, na hapo Jalila hakutumia kamera yake. Alitumia ile ya ulinzi ambayo mjomba wake aliye Doha alimfungia Bi Barke ukutani. Ilikuwa kamera ya bei nafuu, yenye picha isiyo na sauti. Waliigeuza kwenye hali yake ya usiku, mchana ukawa wa kijivu, na Kadenge akakwea tena mbele ya jicho lile lisilopepesa. Jalila alitaka mtazamaji ampende mtu yule kwanza. Kisha amwone jinsi anavyoonwa na ukuta, halafu ajiulize ni nani aliyebadilika kati yao.

Walionyesha Jumamosi alasiri katika banda la Sufyan, pale watu wanapotazamia mpira, katikati ya mechi mbili. Sufyan alifunga milango ya mabati ili kuwe na giza. Jalila aliketi nyuma kabisa, ubavuni mwa mlango, mahali ambapo mtu anaweza kutoka bila kuaga.

Kadenge alipoanza kukwea, banda lilinyamaza. Kisha likaanza kupumua naye. Mwanamume mmoja, mpakizi wa mizigo bandarini, alikuwa akisukuma sakafu kwa nyayo zake kana kwamba na yeye yumo katika kitanzi. Mama muuza viazi karai, aliyeingia na beseni lake, alisahau kuuza.

"Shika! Shika hapo baba, utaanguka!"

"Wewe, mwizi huyo wamwombea?"

"Nyamaza we, mwache apite! Mwenye nyumba ana dhahabu nyingine!"

Vichekesho vikaruka. Bangili zilipotiwa mfukoni, mtu alipiga makofi. Wafukuzaji walipotokea, banda zima likamhimiza Kadenge akimbie, na Kadenge halisi, aliyekaa mbele na mkewe Kanze, aliinamisha kichwa kwa haya na furaha.

Kisha ikaja picha ya ukutani.

Hakuna aliyecheka. Ilikuwa kana kwamba Sufyan ameingiza filamu nyingine. Mtu aliyekuwa na shingo, jasho na pumzi sasa alikuwa kitu kidogo cha kijivu kinachotambaa pembeni mwa picha. Macho yake yaling'aa kama ya paka. Hakutoa sauti. Mguu mmoja, mguu wa pili, mkono juu ya ukingo wa roshani.

"Ndio hao," sauti moja ikasema gizani. "Ndivyo walivyoingia kwangu."

"Na kwetu. Vilevile."

Simu moja ikainuliwa, kisha nyingine, zikarekodi.

Jalila aliona zile taa ndogo za simu na moyo wake ukamruka kwa furaha. Imefanya kazi, alijiambia. Alirudi nyumbani akitabasamu njia nzima, akamwandalia nyanyake chai ya tangawizi bila kuombwa.

*

Asubuhi yake kipande kile kilikuwa katika grupu la mtaa. Hakikuwa na mwanzo wala jina la filamu. Ni mtu wa kijivu akikwea, basi. Chini yake Mahfudh, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na mkuu wa kamati ya usalama, alikuwa ameandika: *Huyu tumjue. Hupita milangoni mwetu na kamba yake, tukimpa na chai.*

Mahfudh hakuwepo bandani. Lakini mota yake ya maji ilikuwa imeibwa mwezi uliotangulia, na waliokuja waliruka ukuta. Tangu hapo alikuwa akimtafuta mtu wa kuruka ukuta.

Jalila aliandika kwamba ile ni filamu, kwamba yeye ndiye aliyeipiga, kwamba nyumba ni ya nyanyake. Aliandika na kufuta mara nyingi kabla hajaituma. Jibu la kwanza lilisema: *Filamu hutolewa kwenye ukweli.* La pili lilikuwa kikatuni cha uso unaocheka. La tatu likauliza: *Kama si mwizi, kajifunza wapi kukwea hivyo?*

Kwa swali hilo Jalila aliiweka simu chini. Watu waliomwona Kadenge akikwea maisha yao yote, waliokunywa madafu aliyoyaangua, walikuwa wakiuliza kajifunza wapi kukwea.

Milango ikaanza kufungwa. Hakuna aliyemwambia Kadenge lolote waziwazi. Aliambiwa tu kwamba nazi bado, aje wakati mwingine, baba hayupo. Minazi ikakaa bila kuanguliwa. Nazi zikakauka juu na kuanza kudondoka zenyewe, moja hapa juu ya banda la kuku, moja pale juu ya gari la mtu.

Kisha akaja Kanze.

Alisimama mlangoni pa Bi Barke bila kuvua viatu. Mkononi alikuwa na fulana nyeusi, imefuliwa, imekunjwa vizuri.

"Karibu mama," Jalila alimwambia.

"Sikai." Kanze aliinyoosha ile fulana. "Jana vijana wa boda walimsimamisha pale steji. Wakamnyang'anya panga, wakamzaba makofi, mtu mzima, mbele ya watoto waliomwita ami. Mmoja akasema tairi la kumchomea liko wapi. Walikuwa wakicheka, lakini alisema. Nimekurudishia nguo yako. Na lile jina mlilompa mume wangu, lirudisheni pia."

Jalila aliipokea fulana. Kanze alimtazama akingoja, kisha akageuka akaenda zake.

"Nyanya," Jalila alisema walipobaki wawili.

"Abee."

"Nitakwenda kwa ami Mahfudh."

"Wewe?" Bi Barke alimtazama mjukuu ambaye hata dukani huandika kwenye karatasi anachotaka ili asiongee. "Haya. Nenda ukavae buibui lako zuri. Mtu mwoga asende akiwa na nguo mbovu."

*

Mahfudh alikuwa akipima misumari. Aliitikia shikamoo yake vizuri tu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa gumu.

"Mwanangu, nasikia ni filamu," alisema. "Sawa. Lakini watu wana hofu. Mota yangu haikuibwa kwenye filamu."

"Hakuichukua yeye, ami."

"Una hakika? Mimi sina. Nilichonacho ni nilichokiona. Binadamu huongopa, kamera haiongopi."

"Kamera ile haina sauti, ami. Haikukwambia yote."

Mahfudh aliweka misumari chini. Alisema Ijumaa baada ya Alasiri kutakuwa na kikao uani kwake. Kadenge ataomba radhi mtaa, kisha arudi kwao Kaloleni mpaka mambo yapoe. Jalila naye ataleta kompyuta yake aifute ile filamu mbele za watu, iwe imekwisha. Hakuna polisi, hakuna makofi tena. Alilisema kwa upole, kama mtu anayekupunguzia bei.

"Sifuti," Jalila alisema.

"Wasemaje?"

Kwa kawaida hapo ndipo angesema, "Si kitu, ami." Aliyashika mapindo ya buibui lake.

"Nasema sifuti. Nikiifuta, kitakachobaki ni kile kipande chenu tu."

Alitoka dukani, akapita njia ya mbali kusudi asilie steji. Alimkuta Kadenge nyuma ya nyumba yake, akisokota upya kamba ambayo haikuwa na kazi. Mdomo wake wa chini ulikuwa umevimba. Jalila alimweleza masharti yote.

"Kaloleni kuna ndugu zangu," Kadenge alisema. "Nitakula, nitalala. Lakini nikiondoka, watasema nini? Anayekimbia ni nani?" Akatema mate pembeni. "Kwenye filamu yako nilikimbia kwa sababu ulinambia kimbia. Hapa hakuna aliyenielekeza. Sikimbii."

"Ami, ile sauti yako ninayo."

"Sauti gani?"

"Ya kuita. Niliiondoa kwenye filamu, lakini sikuitupa. Zote ninazo, za asubuhi nzima."

Kadenge alimtazama. Kisha, pamoja na mdomo uliovimba, akaanza kucheka. "Zote? Hata ile niliyokohoa katikati?"

"Hata hiyo."

Kanze, aliyekuwa jikoni akisikiliza, alitoa kichwa dirishani. Hakutabasamu, lakini alimwambia Jalila aketi, akamletea muhogo.

*

Ua wa Mahfudh ni ule wa zamani, mpana, bafu upande mmoja na mnazi mrefu katikati. Watu walikaa kwenye viti vya plastiki na mikeka chini ya mnazi huo kwa sababu ndipo penye kivuli. Juu yao nazi kavu zilikuwa zimejaa. Asubuhi hiyo moja ilidondoka ikatoboa ndoo, na ile ndoo ilikuwa bado imelala pale pale. Kila upepo ulipovuma, watu walitazama juu kidogo, kisha wakajifanya hawakutazama.

Mahfudh alifungua kikao kwa dua, akaeleza masharti. Akamwita Kadenge aseme.

"Sina la kuombea radhi," Kadenge alisema, akakaa.

Mnong'ono ukapita. Mahfudh akamgeukia Jalila. "Na wewe, mwanangu, umeileta kompyuta?"

Aliileta. Aliiweka juu ya stuli, pembeni yake spika ndogo aliyoiazima kwa Sufyan. Kamera ilikuwa ikining'inia shingoni mwake, kwa sababu alikuwa ameizoea na bila hiyo hakujua mikono aiweke wapi.

"Kabla sijafanya lolote," alisema. Watu wa nyuma wakasema hatusikii. Akarudia kwa nguvu zaidi, hata mwenyewe akashtuka. "Kabla sijafanya lolote, nataka msikilize. Mkwezi mmoja mnayemjua, siku ile ile, mnazi ule ule. Sauti hii niliiondoa kwenye filamu."

Akabonyeza. *Mkwezi yuajaaa! Jisitirini!* Kisha sauti yake mwenyewe, ndogo: *Ami Kadenge, wewe ni mwizi.* Kisha, *Naam, mwanangu. Najua.* Kisha ukelele tena. Na tena. Na ule wa kikohozi. Sauti ya Bi Barke ikasikika ikiuliza mwizi mwenye adabu mwamuona wapi, na uani watu wakaanza kuangua vicheko, kimojakimoja, kisha kwa pamoja.

"Mwizi gani huyu apigaye hodi!" mtu akasema.

"Kamera ya ukutani haina masikio," Jalila alisema. "Alikuwa akiita na humo pia. Aliita kila alipokwea. Hakuweza kunyamaza."

Mahfudh alingoja kicheko kiishe. Hakukasirika.

"Mwanangu, wewe umesomea mambo haya," alisema. "Umetwambia mwenyewe kwamba sauti waweza kuiondoa. Basi na kuitia waweza. Nitajuaje hii hukuitia jana?"

Vicheko vikakatika. Watu walitazamana. Lilikuwa swali la haki. Ukweli ni kwamba Jalila angeweza. Yeyote aliyepita chuoni kwao angeweza.

Kadenge alisimama.

Aliichukua kamba yake chini ya kiti, akatembea katikati ya watu mpaka kwenye mnazi wa Mahfudh. Alivua viatu akavipanga pamoja.

"Nani kakupa ruhusa?" Mahfudh aliuliza. "Kadenge! Mnazi wangu huo. Sikukupa ruhusa."

"Hukunipa," Kadenge alisema. "Na mimi sikukupa ruhusa ya jina langu."

Akatia miguu kitanzini. Akaukumbatia mnazi, akavuta pumzi, akainua uso.

"Mkwezi yuajaaa! Jisitirini!"

Jalila aliinua kamera kwa mazoea, na kwa hiyo aliyaona yote kupitia lenzi. Wanawake waliokaa mkekani walivuta leso zao. Mama mmoja alimnyakua mtoto wake kwa mkono mmoja kutoka chini ya nazi huku akiendelea kuzungumza na jirani. Wanaume waliburura viti nyuma, plastiki ikakwaruza sakafu. Mahfudh mwenyewe alikwishachukua stuli aliyoikalia na kusogea mpaka ukutani, akasimama pale ameishika kifuani, akiitazama kana kwamba imejileta.

Na kutoka bafuni, nyuma ya zile kuta nne, sauti ya kikongwe ikapaa.

"Ngoja we Kadengeee! Ngoja mwanangu! Sijajisitiri!"

Alikuwa Bi Fatma, mamake Mahfudh, aliyekuwa akioga polepole kama anavyooga kila jioni. Hakuwa na simu ya picha. Hakuwa amesikia lolote.

"Haya mama, nangoja!" Kadenge aliitikia. Alikuwa ameinuka kimo cha mtu tu. Akaegemeza paji la uso kwenye gome la mnazi, akafumba macho, akabaki hivyo.

Kulisikika kata ikianguka ndooni. Kulisikika maji yakimwagwa, kisha kandambili zikitafutwa. Ilichukua muda mrefu, kwa maana Bi Fatma ni mtu mzima. Kadenge aliendelea kuning'inia, misuli ya mapaja ikimcheza, uso gomeni, na watu wote wa Mtongwe waliokuwa pale wakamngojea naye.

"Haya, kwea!" Bi Fatma akaita hatimaye.

Kadenge akakwea.

Mlango wa bafu ukafunguka, Bi Fatma akatoka amejifunga leso mbili, akakuta ua umejaa watu. "Kuna nini? Nani kafa?"

"Hakuna, mama," Mahfudh alisema. "Ni kikao."

"Kikao cha nini chini ya nazi kavu? Mwataka kufa?" Akainua uso. "We Kadenge! Mbona umetutupa? Kila nikenda kutia udhu nazi zataka kunipasua kichwa. Nauliza, Kadenge yu wapi, naambiwa ana shughuli. Shughuli gani hiyo?"

Kutoka kileleni Kadenge alijibu, "Waulize wao, mama!"

Bi Fatma akawageukia. Aliwapitisha macho wote, mmoja mmoja, akaishia kwa mwanawe aliyekumbatia stuli.

"Mahfudh?"

"Naam, mama."

"Shughuli gani?"

Nazi ya kwanza ikaanguka, ikatua pale pale Mahfudh alipokuwa ameketi.

*

Mahfudh hakuomba radhi. Hakuandika neno katika grupu, na mota yake haijapatikana hadi leo. Lakini mnazi wake ulianguliwa, na mwezi uliofuata mamake alimtuma mtu kwa Kadenge kwa jina lake yeye mwenyewe, si la mwanawe. Milango mingine ikafunguka baada ya ule, mingine bado. Kile kipande cha kijivu kilikuwa kimekwishavuka mtaa zamani. Kuna aliyekiona Changamwe, kuna aliyetumiwa Kisauni na maneno mapya chini yake. Kadenge alipoambiwa, alisema huko hana minazi. Lakini tangu hapo hakuacha kwenda huko, tena kwa miguu, kamba begani, akiwatazama watu usoni ili nao wamwone yeye mwenyewe.

Jalila aliirudisha ile sauti kwenye filamu. Aliipeleka kwa tamasha moja la Nairobi, wakamjibu kwa adabu kwamba wameipenda, ila ukelele wa mwizi unaharibu hofu, mtazamaji hatauamini, auondoe wataipokea. Jibu lake lilikuwa fupi kuliko salamu zake za kawaida. *Siuondoi.* Hawakumwandikia tena.

Basi akarudi kwa Sufyan, Jumamosi nyingine. Safari hii benchi zilijaa mpaka watu wakaketi sakafuni. Jalila aliketi katikati, Bi Barke upande mmoja, Kanze upande wa pili. Mara ya kwanza mwizi alipoukumbatia mnazi na kuita, banda lilipasuka kwa vicheko, lakini halikuacha kumpenda. Walisukuma sakafu kwa nyayo zao. Walimwambia ashike vizuri.

Kisha picha ikageuka kijivu.

Hapo Jalila hakuwa ametia sauti. Aliwahi kufikiria kuitia, akakataa. Kamera ile haikusikia, na hatasema kwa niaba yake kwamba ilisikia. Kimya kikaingia bandani kama mara ile. Mtu mdogo mwenye macho ya paka akajisogeza pembeni mwa ukuta, akaukumbatia mnazi, akainua uso kuelekea lenzi. Mdomo wake ukafunguka, na hakuna kilichotoka.

Jalila alihesabu pumzi zake. Aliuhisi mkono wa Kanze ukikaza juu ya wake.

"Mkwezi yuajaaa!" mama muuza viazi akapaaza kutoka mbele, beseni mapajani.

"Jisitirini!" banda likaitikia.

Waliita tena, wanaume, wanawake na watoto, mabati yakatetemeka, kila mguu wa kijivu ulipopanda wakamwitia, mpaka vijana wa boda waliokuwa wameegemea pikipiki zao nje wakaja kuchungulia mlangoni, shingo ndefu, kuona ni nani anayekwea.